Injini ya Mahari

Othaya,
9 Februari 2025

Kwa binti yangu Murugi,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Mimi sijambo, ila haya masikio niliyoyaacha kwenye kelele za kiwanda cha majani chai. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu kwenye simu wewe unauliza hivi nami najibu vile, Mama yako anabaki kucheka. Yeye yuko vizuri kiasi. Jumanne na Ijumaa bado anakwenda Nyeri kwenye mashine ya figo, na akikosa siku moja tu miguu inajaa maji. Wewe ni muuguzi, unayajua hayo kuliko mimi. Mumeo Ndungu hajambo? Joto la Lodwar halijammaliza?

Sasa sikia habari njema. Pikapu yetu imefufuka! Baba mkwe wako, Gikonyo, aliipeleka gereji yake Ruring'u, akaifungua injini yote na kuiunda upya. Jumamosi aliileta mwenyewe akiwa na wazee wake, mmoja wao akiendesha, na wazee wetu walikuwa wamekaa tayari. Unajua wale mbuzi kumi na watano wa ruracio, mahari yako, walikuwa hawajafika. Basi mzee Muriithi, msemaji wetu, akasema, "Hawa ni mbuzi wa kukula petroli. Tumewapokea." Mahari yako imekwisha, mama.

Mbuzi tungewakagua, na kilema tungemrudisha zizini kwao. Lakini injini nani angekagua? Kumfungulia mkwe boneti mbele ya watu ni kumwita mwizi. Iliwashwa, ikawaka, tukaenda kula.

Baba yako,
Kingori


Lodwar,
2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi wazima. Ndungu amekonda kweli, suruali anaishikilia kwa mkono, lakini chapati bado anazimaliza. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka machozi. Anajivunia sana. Anasema baba yake hajawahi kurudishiwa gari na mtu.

Nami sasa nalala. Zahanati hii niko peke yangu, na kila Jumanne nilikuwa nikimfunga mtu kidonda huku nikijiuliza Mama amefikaje Nyeri. Sasa najua yuko ndani ya gari lake na blanketi lake. Usimwache akose, Baba. Kukosa mara moja mwili huvumilia. Mara mbili mfululizo ndiyo ninayoiogopa.

Mwambie nampenda.

Mwanao,
Murugi


Othaya,
13 Aprili 2025

Murugi, mama,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Sisi tuko, tunamshukuru Mungu, lakini si kama zamani.

Injini imekufa. Ijumaa ya wiki iliyotangulia tulikuwa tukipanda kilima, Nyeri iko karibu, mara moshi, kisha kishindo ambacho hata mimi nilikisikia, kisha kimya. Mama yako alikuwa ndani. Watu wema walimbeba mpaka hospitali, akafika zamu yake imepita, wakamtafutia nafasi jioni.

Niliita fundi mwingine, mwanamke anayeitwa Sophie. Aliingia chini ya gari, akaifungua injini, akatoka na uso umebadilika. Tundu la kupitishia oili lilikuwa limezibwa na gundi ya gasketi, na kifuniko kimoja cha beringi kilikuwa kimefungwa nyuma mbele. Akasema, "Mzee, hii engine haikuharibika kwa barabara. Iliharibika siku ile ilifungwa. Saa hii haitengenezeki, ni kutafuta ingine." Nyingine tutaitoa wapi?

Tulipofika nyumbani Mama yako akaniambia jambo lililonivunja. Injini ilikuwa ikigonga tangu Jumamosi ile ya kwanza. Mimi sikusikia. Yeye alisikia, miezi miwili, kwenda na kurudi, akanyamaza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ningesema, ungeenda kwa Gikonyo. Na mtoto wetu ako kwao."

Nashindwa kumlaumu. Nikisema injini ni mbovu nimesema mbuzi ni wabovu, na mbuzi wakirudishwa, binti naye hurudishwa. Ndivyo wazee watakavyolisikia neno hilo. Tumeisukuma pikapu nyuma ya nyumba, tukaifunika turubai. Mvua ni kali na watu wa bodaboda wanakikataa kilima chetu. Jumanne hii tumekosa. Ijumaa tulibahatika.

Sijui nifanye nini.

Baba yako,
Kingori


Lodwar,
27 Aprili 2025

Baba,

Hujambo? Mama hajambo? Nijibu hilo kwanza kabla ya lingine lolote.

Mwambie Gikonyo! Mwambie kesho! Ana gari lake, anaweza kumpeleka Mama yeye mwenyewe. Na kama mbuzi ni wa kurudi, warudi. Mimi sirudi. Niliolewa na Ndungu, sikuolewa na pikapu.

Ndungu nilimweleza. Afadhali ningenyamaza. Alisema baba yake ameunda injini miaka arobaini, na kwamba anayeua gari ni dereva asiyesikia. Ndiyo, alisema hivyo, kisha akatoka nje. Siku ya nne leo tunasalimiana kama majirani.

Nimeomba likizo. Wanasema mpaka apatikane muuguzi wa kushika nafasi yangu, na hakuna anayetaka kuja huku. Kwa hiyo nipo, nawahubiria mama za watu wasikose kliniki.

Tafadhali, Baba. Nenda.

Mwanao,
Murugi


Othaya,
18 Mei 2025

Binti yangu,

Salamu kwako na kwa Ndungu. Usimkasirikie. Mtu humtetea baba yake, wewe je, hungenitetea?

Nilikwenda. Nilituma neno kwanza kama inavyopasa, nikaongozana na mzee Muriithi. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno yangu, na nilikuwa nayo.

Gikonyo alitupokea vizuri mno. Akataka kunimiminia chai kwa mkono wake. Murugi, aliimimina mezani. Kikombe kilikuwa hapa, chai ikaenda pale. Mkewe akakisogeza kikombe kama mtu aliyezoea. Ndipo nikayaangalia macho ya Gikonyo. Yana ukungu. Yule mtu haoni. Injini yetu aliifunga kwa kupapasa, na hawajamwambia mtu kwa sababu gereji ndiyo inayowalisha.

Akaniuliza, "Na gari, muthoni, mkwe wangu? Inabeba mama hospitali bila shida?"

Muriithi alinitazama. Mke wa Gikonyo pia alinitazama, na nikajua anajua. Nikasema, "Iko sawa kabisa."

Alicheka kwa furaha. "Hiyo sikuachia mtu aguse, ati hata kukaza bolti moja. Hiyo ilikuwa ya ruracio."

Nikasirikie, una haki. Hata mimi nimejikasirikia. Mama yako nilipomwambia alisema nimefanya vyema, lakini alisema akiwa amelala, miguu juu ya mito miwili. Jumanne barabara ilikatika. Ijumaa tulimbeba kwa kiti, mimi na majirani watatu, gari tulilosaidiwa nalo likakwama kwenye matope, tukamrudisha. Hizo ni mara mbili. Kesho tutambeba tena, hata kama ni kwa mgongo. Niombee.

Baba yako,
Kingori


Othaya,
29 Juni 2025

Murugi,

Natumaini mlifika Lodwar salama na kwamba unakula. Mimi nipo. Majirani huniletea uji.

Uliondoka siku ya pili baada ya mazishi ya Mama yako bila kuniaga. Najua ni kwa sababu ya Gikonyo. Mkewe alimshika mkono mpaka kwenye kipaza sauti, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na spika, nilisikia kila neno. "Huyu mama nilimpenda," alisema. "Na nashukuru Mungu, gari yenye nilitengeneza na hii mikono yangu ndio ilikuwa inampeleka hospitali mpaka mwisho." Ndungu aliinamisha kichwa. Wewe uliniangalia. Ulikuwa ukingoja niinuke.

Nilitaka kuinuka, nakuapia. Lakini ile Jumatatu tuliyombeba, kabla hajaacha kunitambua, Mama yako alinivuta kola, akaniwekea mdomo sikioni ili nisikie. Akasema, "Usimwambie. Wacha tu." Hakuniambia lingine tena. Wewe sikukueleza kwa sababu tangu ulipofika hukutaka kukaa chumba kimoja nami.

Juzi Gikonyo alituma mtu. Anaomba nipeleke pikapu Ruring'u mwezi wa nane aiangalie bure, kwa heshima ya marehemu. Sijamjibu. Kama una la kunishauri, niandikie, hata kama ni matusi. Barua zako mbili za zamani nimezisoma mpaka zimechakaa.

Na lile la mwisho, ambalo uliondoka bila kuniuliza, la yale makofi. Mchungaji alisema tumpigie mkwe makofi, nami nikapiga. Watu wote walikuwa wakipiga, mama, na mikono yangu ilikuwa mitupu, sikujua niipeleke wapi.

Baba yako,
Kingori