Ekari Mia na Arobaini

Jumatano, 12 Septemba

Umande mzito. Mwanangu Nolan alianza kung'oa maharage saa kumi na moja alfajiri, visu vya trekta vikipita chini ya udongo na kukata mizizi. Kazi hii hutegemea umande – ganda likiwa na unyevu halipasuki. Jua likishapanda, ukiligusa tu limefunguka, maharage yako yote chini. Mchana safu zikikauka, kombaini hufuata nyuma na kupura. Kanuni ni moja: usikate asubuhi usichoweza kupura kabla ya jioni. Mmea mkavu usio na mizizi ni mwepesi kama kikapu, upepo huubeba. – Naeleza kana kwamba darasa liko mbele yangu! Miaka thelathini na moja ya kufundisha sayansi haitoki mwilini.

Ekari mia na kumi leo. Punje safi, madoadoa yamekaa vizuri. Renae, mke wa Nolan, alituletea shambani kahawa na bakuli la viazi na nyama. Tulikula tumesimama.

Ijumaa, 14 Septemba

Zimebaki ekari mia tatu na arobaini. Redio: upepo mkali Jumapili, kuanzia saa nane mchana. Nolan alisema tu, "Tutaona." Halali vizuri.

Jumamosi, 15 Septemba

Siku mbaya. Alfajiri Nolan aling'oa ekari mia na arobaini. Saa saba, kabla hatujapura hata safu moja, mkanda mkubwa wa kombaini ukakatika. Ilibidi aende mjini Grand Forks kutafuta mwingine. Aliporudi na kuufunga, saa kumi na mbili jioni, majani yalikuwa yameshaanza kunywa unyevu. Kombaini haipuri majani mabichi – yanajisokota ndani kama kamba.

Mezani alinigeukia.

"Baba, kesho saa tano zitakuwa zimekauka. Nina saa tatu kabla ya upepo. Nitaokoa hata nusu."

Nikamwambia kesho ni Jumapili.

"Najua siku za wiki, Baba."

"Tangu babu yangu avunje ardhi hii, haijalimwa wala kuvunwa Jumapili."

"Upepo haujui Jumapili."

"Sisi tunajua," nikasema.

Nilijisifu moyoni kwa jibu hilo. Naliandika ili nisije kulikana. Renae alikusanya sahani kwa kishindo. Hati ya ardhi ina jina langu – sikulitaja hilo. Halikuhitaji kutajwa.

Jumapili, 16 Septemba

Tulitoka kanisani saa tano. Upepo kimya. Saa sita, kimya. Saa saba – hata jani la mti wa popla halitikisiki! Kombaini imesimama uani na mkanda wake mpya. Nolan alikaa ngazini, akiitazama. Ningependa angenilaumu.

Saa nane na robo ukaja.

Safu ziliinuka upande mmoja kama mkeka unaokunjwa, kisha zikaanza kubiringika. Zikavuka barabara. Maganda yakipasuka hewani, maharage yakigonga bati la banda kama mvua ya mawe. Ndani ya nusu saa zile ekari mia na arobaini zilikuwa udongo mtupu.

Nilimwendea Nolan kando ya barabara. Hakugeuka.

"Nenda ndani, Baba. Vumbi litakuumiza."

Jumatatu, 17 Septemba

Orlin, jirani yetu wa mashariki, alikuja mapema na kelele zake. "Mzee! Maharage yako yamekuja kunisalimia bila kualikwa. Mtaro mzima! Niyawekee kahawa?" Kisha akauona uso wa Nolan, akavua kofia.

Yeye alipura jana. Mlutheri kama mimi, kanisani hukaa benchi la nyuma yangu. Alikosa ibada mara moja, basi.

Tulijaribu kuokota kwa kombaini maharage yaliyonasa kwenye majani makavu ya mtaroni. Udongo nusu, kokoto nusu. Mnunuzi aliingiza mkono katika sampuli, akautoa, akaufuta kwenye suruali.

Jumatano, 19 Septemba

Tangu Jumatatu upepo mkavu, hakuna umande, hatung'oi. Nolan alisema akiwa anafunga kamba za viatu: "Mavuno haya nayamaliza. Mwakani tafuta mtu mwingine, Baba."

Nikaanza kumweleza. Kwamba babu alipumzisha farasi kila Jumapili, wasije wakafa. Kwamba farasi walipoondoka, sisi tulibaki na –

"Usinifundishe."

Akatoka.

Baadaye Renae alinimiminia kahawa. "Baba, hataki maelezo. Anataka neno moja tu kutoka kwako." Sikumwuliza lipi. Si kwamba silijui.

Alhamisi, 20 Septemba

Mvua. Hakuna kazi.

Jumamosi, 22 Septemba

Ekari mia mbili bado zimesimama, zimeiva kupita kiasi. Leo udongo ni tope, visu havipiti. Upepo wa kaskazini unakausha, kesho itafaa. Redio: kuanzia Jumatatu, mvua siku tano! Maharage yaliyoiva yakilowa muda huo wote huchipua ndani ya ganda. Kwa hiyo kuna kesho tu.

Renae: "Amesema haombi mara ya pili."

Nilipita mbele ya chumba chao mara mbili. Mlango ulikuwa wazi.

Jumapili, 23 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi. Umande mzuri, upepo hakuna.

Injini inanguruma – Jumapili, ardhini kwetu! Nilidhani ameshaamua mwenyewe, nikaona mwili wangu umepata nafuu. Lakini nilipofungua pazia, trekta iko ukingoni mwa shamba na visu viko juu. Haisogei. Anatazama nyumba.

Dakika ishirini sasa.

Watu walikuwa wakinipongeza: kijana wako mtiifu! Nami nilipokea pongezi. Ana miaka arobaini na sita, binti zake wako chuo kikuu, na hawezi kushusha visu mpaka mimi nitokeze mlangoni. Hili nimelitengeneza mimi. Kwa subira, siku baada ya siku, kama somo.

Umande utakaa kwa saa mbili, labda tatu. Renae yuko barazani na koti lake la kanisa mkononi, hajalivaa. Amenitazama kupitia dirishani. Najua ninachofanya: naandika badala ya kutoka.

Injini imezimwa.

Hajashuka.