Salamu Kwenye Mwinuko wa Vuga

Mdogo wangu Yona, upo salama huko Dodoma?

Uliuliza gari lako la kupandia milima huku kwetu liwe manyuo, yaani la gia za mkono, au otomatiki. Jana mvua ilinyesha. Binti yangu Neema, akiendesha gari langu la manyuo lililoinuliwa juu, mimi nikiwa pembeni yake, alisimama katikati ya mwinuko wa Vuga kumwamkia bibi mwenye kikapu cha mapeasi. Alipotaka kuondoka, klachi ikamshinda, injini ikazimika, tukaanza kuteleza nyuma kuelekea bondeni. Bibi akasukuma jiwe chini ya tairi, ndipo akaitikia salamu ya Neema:

"Marahaba, mwanangu. Na huyo mzee aliyeng'ang'ania mlango, hana salamu?"

Nikamwamkia kama mtoto.

Nunua otomatiki, Yona. Huku bado tunasimama mlimani kusalimiana. Mapeasi nimekuwekea.

Kaka yako