Kitambaa cha Golikipa

Kibaoni, Ifakara
Jumatano jioni

Kwako Dada Yosefina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada yangu, na uwafikishie shikamoo zangu masista wote wa nyumba yenu hapo Dar es Salaam. Goti linaendeleaje? Natumaini wanakuruhusu kukaa kwenye kiti wakati wa sala ndefu, maana nakujua, wewe mwenyewe hutaomba. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama yetu ana kikohozi, lakini bado anapata nguvu za kugombana na kuku. Mvua ilichelewa, halafu ikaja yote kwa mkupuo, njia ya shambani imekuwa uji. Mpunga umesimama vizuri, tunamshukuru Mungu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Ninayotaka kukueleza siwezi kuyasema kwenye simu, kwa sababu chumba changu kimepakana na cha shemeji Fulgensi, na mkewe Febronia ana masikio ya sungura. Kwa hiyo namkabidhi Rosemery wa kwaya, anayepanda basi kesho.

Dada, Aneth mwanangu yuko kwako tangu timu ilipovunja kambi, na hapokei simu yangu. Napiga, inaita mpaka inachoka yenyewe. Natuma ujumbe, naona kabisa umesomwa, jibu hakuna. Wewe umeniambia yu mzima, anakula, anawasaidia kufua, na ukaniuliza kuna nini kati yetu. Nikakujibu kwamba ni mambo ya watoto tu. Si ya watoto. Ni ya watu wazima, tena ni machafu. Nivumilie, na ukimaliza kusoma, unawe mikono.

Unakumbuka alivyoitwa timu ya taifa ya wasichana, kwenda Uganda kwenye mashindano ya nchi jirani, ambayo kwa mabinti wa umri wake ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mtaa mzima ukawa wangu. Wale wale waliokuwa wakiuliza golikipa wa kike ataolewa na nani, na magoti yamechubuka kama ya ng'ombe wa jembe, sasa wakaniita Mama Taifa. Wewe hukumwona akianza. Alikuwa akijirusha kwenye majaruba yaliyokauka, juu ya mabua ya mpunga, jioni anarudi mikono imechanika mpaka kwapani. Namkanda kwa maji ya chumvi, yeye anauma khanga asilie. Kesho yake anarudi kule kule.

Basi timu ikafika fainali, wacheze na wenyeji, Waganda. Hapo ndipo Fulgensi akaunda kamati ya ufundi. Wewe mtu wa utawa labda hujui. Kwenye mpira wa kwetu ukisikia kamati ya ufundi usidhani ni makocha. Ni watu wa dawa. Mwenyekiti yeye, mdogo wake marehemu mume wangu Venance. Wa pili Zakayo kinyozi. Wa tatu, usianguke, Agapiti wa bajaji, yule anayesoma somo la kwanza Misa ya asubuhi. Mdomo ule ule, dada.

Walikuja watatu, wakakaa kwenye mkeka wangu, wakanywa chai yangu, wakazunguka mbuyu weee. Mara Waganda si watu wa kuchezea, mara inasemekana wameshafukia mambo yao golini, mara mzazi naye ana mchango wake. Mwisho Zakayo akasema wanachohitaji ni kitambaa cha mtoto, cha siku zake. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikauliza siku zipi. Agapiti akatazama paa. Ndipo Fulgensi akatamka wazi kwamba ni kitambaa cha hedhi, hata kama kimefuliwa haidhuru, maana ile haitoki yote. Mtaalamu wao amewaambia hicho ndicho kinachofunga lango.

Dada, niliweka kikombe chini. Wanaume watatu wenye ndevu, waliomshika mtoto huyu siku ya ubatizo wake, wamekaa kwangu wanajadili kitu kama kile, mmoja anakoroga sukari! Niliwatoa nje kwa ufagio. Jirani yetu Mabula, Msukuma wa ng'ombe, alisikia zogo lote akiwa zizini kwake, akaniambia kwa sauti ili nao wasikie kwamba miaka yote aliyofuga hajaona ng'ombe anayetoa maziwa kwa kuvalishwa hirizi, hutoa kwa majani. Nikacheka. Ndiyo mara ya mwisho nimecheka vizuri.

Maana hawakuniacha. Nilipokwenda mashineni kukoboa, wanawake wakanigeuzia mgongo. Febronia akanifuata mpaka jikoni, akasema mtoto wa watu akifungwa kule ugenini asije akalilia kwao, mwenye roho ngumu anajulikana. Fulgensi naye akanikumbusha kwamba Aneth ni wa ukoo wao, mimi nilikuja pale na sanduku tu. Maneno hayo, dada, nimeambiwa mbele ya mama yetu mzazi.

Nikachoka. Nyuma ya mlango wangu lilikuwepo tambara, baki la ile khanga kuukuu niliyomkatia Aneth vitambaa vyake. Rangi ile ile, maua yale yale. Mimi nafutia mavi ya kuku kizingitini. Nililiviringisha kwenye gazeti, nikampelekea Fulgensi, nikamwambia haya, chukueni, mniache. Akalipokea kwa mikono miwili na kichwa ameinamisha, kama anapokea komunyo. Mungu anisamehe, moyoni nilimdharau, nikajiona mjanja.

Fainali tuliiangalia kwenye kibanda umiza, tumebanana kama dagaa. Kamati imekaa mbele kabisa, mikono wamekunja, hawashangilii wala hawasikitiki, kama watu wanaojua siri. Waganda walitangulia, sisi tukasawazisha, ikafika penalti. Ile ya mwisho ya binti wa Uganda, Aneth aliruka kushoto akaupangua kwa ncha za vidole. Watu walilia, viti vilivunjika. Halafu unajua walimbeba nani? Walimbeba Fulgensi! Walimtoa nje juu kwa juu, wanaimba ufundi, ufundi! Jina la mwanangu sikulisikia. Yale mabua yote, ile chumvi yote, sifa yamepewa mavi ya kuku.

Ningevumilia hata hilo. Lakini kesho yake asubuhi Fulgensi alimpigia Aneth kumpongeza, akamwambia asijisahau, ajue kwamba kitambaa chake alichokitoa mama yake ndicho kilichofunga lango. Mtoto wa miaka kumi na sita, dada, anaambiwa na baba yake mdogo kwamba kitambaa chake kimepita mikononi mwa kinyozi. Dakika hiyo hiyo Aneth akanipigia. Hakunisalimia. Aliuliza tu kama niliwapa. Mimi mjinga nikaanza kusema niliwapa, lakini... Hakungoja hiyo lakini. Akakata. Ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yake.

Nikawaendea. Niliwakuta wanakula nyama, nikawaambia mbele ya wake zao kwamba walichopewa si cha Aneth, ni tambara la kufutia mavi ya kuku, na kama hawaamini waje wanuse mlango wangu. Wakaacha kutafuna. Nikafikiri leo wameaibika. Ndipo Zakayo akajipiga paja, akasema ndiyo maana tulifungwa lile moja! Wakacheka wote mpaka Agapiti akapaliwa. Fulgensi akaongeza kwamba hata tambara ni jasho la nyumba, na tangu jana watu wawili wameshamfuata awasaidie mambo yao. Nilitoka pale, nikatapika uani.

Mpaka hapa, dada, ungemwambia Aneth, naye angenisamehe, kwa kuwa ni kweli sikumtoa. Nilitaka niishie hapa. Nimeshaandika hata salamu za mwisho kwenye karatasi nyingine, nikaichana.

Kuna moja sijamwambia mtu, hata padre bado. Mpira ulipowekwa kwa ile penalti ya mwisho, rozari ilikuwa mkononi mwangu na sikusali. Nikajiambia: Evelina, umemwua mtoto, kwa nini hukuwapa chenyewe? Nilikijua kilipo, kwenye begi chini ya kitanda, na roho yangu ilikimbilia pale kitandani. Nililijutia tambara. Mwanangu amesimama peke yake mbele ya watu wote wale, na mimi niliyekanda ile mikono, mimi kuliko wote, sikuiamini. Niliamini kitambaa. Kwa hiyo wale watatu nikiwaangalia natapika, na nikijiangalia kwenye kioo ni hivyo hivyo, maana tofauti yangu na wao ni kwamba wao walisema wazi.

Basi nakuomba, mkalishe Aneth mahali penye utulivu umweleze. La tambara mwambie kwanza, apumue, ajue hakuna mtu aliyeshika kitu chake. Halafu mwambie na hili la pili, kwa maneno haya haya, usilipunguze kwa kunionea huruma. Kama atapokea simu baada ya hapo, awe anampokea mama yake kama alivyo. Kama hatapokea, nitaendelea kupiga.

Mama anakusalimu sana. Mabula naye ametuma salamu kwa golikipa, anasema ndama aliyezaliwa juzi amempa jina lake. Utuombee, nasi kwa udhaifu wetu tunakuombea wewe na goti lako. Bwana awe nanyi hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Evelina