Mchuzi Uliobaki Dirishani

Jumapili, 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu imo ndani ya beseni la maji ya moto kama kawaida yako ukishafunga mgahawa. Mimi sijambo. Kazi inakwenda. Wiki hii tumetengeneza meno ya bandia ya mzee mmoja aliyekataa katakata meno meupe. Anataka yafanane na yale yaliyong'oka, yenye rangi ya chai. Tukampa, akafurahi mno.

Umeniuliza watu wa huku wanakula nini. Baba, huku pembeni mwa mji karibu kila nyumba imefungua dirisha inauza kitu. Mimi na fundi mwenzangu tumejiwekea desturi: kila Jumamosi tukitoka kazini tunajaribu mahali papya. Jana tulikwenda kwa mama mmoja aliyegeuza gereji ya marehemu mumewe kuwa mgahawa. Ukikaa karibu na ukuta bado unasikia harufu ya mafuta ya gari. Supu yake nyepesi, ila ana mkono mzuri wa kitunguu. Anakiacha kiwe kahawia bila kukiunguza. Kutoka hapo tukaenda kunywa kahawa kwenye kibanda cha ndugu wawili chenye viti virefu, miguu inaning'inia tu. Kahawa inakuja na povu lililochorwa jani. Nilipolimaliza povu nikaikuta kahawa yenyewe chini kabisa, kidogo, imeshapoa.

Mwenzangu ananicheka ninavyoonja. Naonja, nafumba macho, natoa hukumu. Nikamwambia nimelelewa jikoni, na kwamba kwa baba yangu sufuria haiendi mezani mpaka mimi niseme "pita", tangu enzi zile nasimama juu ya kreti la soda ndipo nifikie jiko. Anadhani natunga.

Nisalimie wateja wote, hata yule dereva mlalamishi.

Mwanao, mwonjaji wako

*

Jumatano, 14 Februari

Mama,

Marahaba. Barua nimeipata, na ni kweli miguu ilikuwa kwenye beseni. Maji yalipoa nikiwa bado nasoma. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Usinilaumu kwa kutopokea simu. Mchana sufuria zinalia, wateja wanaita, nasikia nusu ya maneno na nusu iliyobaki najitungia. Barua hainikimbizi.

Niliwasomea wateja. Dereva kasema kahawa yenye jani ni dawa, si kahawa. Mimi nikasema binti yangu siku hizi anahukumu wapishi wa watu, kwa hiyo nyie wengine nyamazeni. Ila mama, usiache mbachao kwa msala upitao. Huo ni utani, au nusu yake ni utani.

Sasa nikwambie jambo, maana mficha uchi hazai. Yale mafua ya mwezi wa kwanza yameondoka na ulimi wangu. Nakula kama ninayetafuna karatasi. Pilipili nasikia moto wake tu, na chumvi siisikii kabisa. Daktari anasema huenda ladha ikarudi, huenda isirudi, nisubiri. Basi nasubiri. Hapa sijamwambia mtu, hata msaidizi wangu wa jikoni. Mpishi asiye na ulimi nani atakula kwake? Natia chumvi kwa mazoea ya mkono, na mkono nao umeanza kusitasita. Wateja wanapungua. Hawasemi kitu, wanalipa, wanaaga vizuri, hawarudi. Dereva peke yake ndiye anayelalamika na kurudi, Mungu ambariki.

Wewe endelea kuniandikia. Kile kitunguu cha mama wa gereji nilikisikia mdomoni, wallahi, kwa kusoma tu.

Baba yako

*

Jumapili, 25 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje? Ulimi umeanza kuamka? Mimi mwili mzima, moyo ndio hauna raha. Tangu nisome barua yako, kila tonge naliona kama nimelidokoa sahanini mwako. Nilitaka kuacha kukuandikia mambo ya vyakula, lakini umesema niendelee, basi naendelea huku naona haya.

Jana tulikula viazi kwa kaka mmoja aliye pembeni ya mahali pa kuoshea magari. Anakaanga mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili anavipumzisha kwenye ungo. Maji ya sabuni yanapita chini ya meza, inabidi uinue miguu ukila. Vizuri sana, baba. Vizuri mpaka nikaona aibu kuomba sahani ya pili, na nikaiomba.

Ningekuja mwisho wa mwezi, ila kliniki imetuletea kazi nyingi za meno na msimamizi hataki kusikia habari ya ruhusa. Nimefikiri hivi. Ukipika, jaza mchuzi kwenye chupa, mpe kondakta wa lile basi la Ijumaa, anapita karibu na kwangu. Mimi nitaonja, yeye atakurudishia jibu Jumatatu. Tutakuwa kama zamani, ila kreti la soda limekuwa refu kidogo. Ulimi wangu ni wako, baba. Utumie.

Mwanao, mwonjaji wako

*

Ijumaa, 8 Machi

Mama,

Marahaba nyingi. Mimi mzima wa mwili. Chupa hii anayo kondakta, nimeifunga kwa nailoni mara mbili, ukiifungua ishike wima.

Nikupe habari njema. Mkuu wa kiwanda cha matofali amekuja kuniona. Anatafuta mahali wafanyakazi wake watakula kila mchana, mwaka mzima. Alhamisi ijayo anakuja na kundi lake kuonja. Wakipenda, mgahawa umepona. Wasipopenda, sina budi kufunga mlango nikae kwa dada yako nibembeleze wajukuu, na unamjua dada yako, atanilisha uji bila kuniuliza.

Mkono siuamini tena. Safari hii nimepima chumvi kwa kikombe na nimekikumbuka kipimo. Huu ni mchuzi wa majaribio. Ukisema pita, Alhamisi napika kwa kipimo hiki hiki. Ukisema kimezidi au kimepungua, narekebisha. Sina mwingine wa kumwuliza, na hata ningekuwa naye ningekuuliza wewe.

Baba yako

*

Jumatatu, 11 Machi

Baba,

Shikamoo. Hongera kwa habari ya kiwanda! Samahani naandika haraka, kondakta yuko mlangoni anapiga miluzi. Mchuzi nimeupata salama. Uko sawa kabisa, kama ule wa siku zote. Pita, baba, pita bila wasiwasi. Jumamosi tulikwenda mahali papya penye bustani, nitakuhadithia.

Mwanao, mwonjaji wako

*

Alhamisi, 21 Machi

Mama,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Wale watu wa kiwanda walikuja wiki iliyopita. Nilivaa shati lile uliloninunulia. Nilipakua mwenyewe. Kijiko cha kwanza wakatazamana. Cha pili wakaomba maji. Mkuu wao ni mtu wa adabu, akamaliza nusu sahani, akanishika mkono, akasema watanifikiria. Mtu akikuambia atakufikiria, ujue ameshamaliza kufikiri.

Walipoondoka dereva akavuta sahani, akaonja, akasema, "Mzee, hii umechota baharini?" Mimi damu ikanipanda. Nikamwambia binti yangu ameonja mchuzi huu akasema pita, na binti yangu amekula migahawa yote ya huko, je, wewe umekula wapi zaidi ya hapa? Akasema hakukusudia kunikosea. Nikamwambia atoke. Akaweka kijiko chini taratibu, akatoka. Hajarudi. Miaka yote hiyo analalamika na kurudi, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Nimekaa nikawaza. Nimeona pengine huko kwenu siku hizi chumvi ndiyo inavyopendwa, na sisi huku tumebaki nyuma. Kinywa hufuata kinakolishwa. Sikulaumu hata kidogo, mama. Wala usiache kula huko kwa ajili yangu. Ila nieleze tu, huko kwa mama wa gereji na kwa wale wengine, chumvi wanatia kiasi gani? Nataka kuelewa.

Baba yako

*

Jumamosi, 23 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali gani wakati najua niliyokufanyia.

Huku hakuna anayependa chumvi namna hiyo. Dereva alisema kweli. Mimi ndiye mwongo. Ule mchuzi sikuuonja.

Ijumaa ile kondakta alinipa chupa nikiwa natoka. Nikaiweka dirishani, nikajiambia nikirudi nitaonja. Nikarudi nimechoka, nikalala. Jumamosi tukaenda huko kwenye bustani, na unajua nilifanya nini, baba? Nilirudisha kahawa ya watu mara mbili. Nilisema haina moto wa kutosha. Yule dada mhudumu akanywea, fundi mwenzangu akanisifu kwamba mimi kweli nina ulimi. Mchuzi wako wakati huo unapigwa na jua dirishani kwangu. Jioni nilikuwa nimeshiba, nikasema mchuzi wa baba hauonjwi na tumbo lililojaa, kesho. Jumapili sikumbuki hata nilifanya nini. Jumatatu kifuniko kilikuwa kimefyatuka, mchuzi umechacha, umetiririka ukutani. Nikaumwaga. Kondakta akapiga mluzi. Nikaandika pita.

Nilijiambia baba amepika maisha yake yote, atakosea vipi? Lakini ulikuwa umeniambia mwenyewe huwezi kuonja. Uliniambia mimi peke yangu. Nimewaonjea wapishi nisiowajua hata majina, nikakuruka wewe.

Na ukamfukuza dereva kwa kunitetea. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Tafadhali mwite. Mwambie ni mimi.

Sikuombi unisamehe upesi. Jumamosi siendi popote tena, chakula hakipiti. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, ila nilitaka ujue aliyeyamwaga. Lile jina jingine siliandiki hapa chini kwa sababu silistahili.

Mwanao

*

Jumapili, 14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kila Ijumaa namsubiri kondakta kituoni, anatikisa kichwa kabla hata sijauliza. Anasema mgahawa uko wazi na wewe uko jikoni, ila humpi kitu. Dada naye anasema hujambo, na hataki kusema zaidi. Nimemwomba msimamizi ruhusa, nikaogopa kuitumia. Nikija na usiponifungulia mlango, baba, nitakwenda wapi?

Mwanao

*

Ijumaa, 3 Mei

Mama,

Marahaba. Mimi sijambo. Ulimi haujarudi.

Nilikasirika. Nilikaa na hasira zangu mpaka zenyewe zikanichoka. Nilikuwa najiuliza, ningekuwa napokea simu, ungenidanganya kwa sauti? Kisha nikaacha kujiuliza. Na mimi niliwaficha watu wangu wote kwamba sionji, nikakubebesha wewe peke yako ukiwa mbali. Hilo nalo si haki.

Dereva nilimfuata kazini kwake. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Amerudi, analalamika vilevile, sasa anasema viti vinauma. Wateja wengine nao nimewaambia hali yangu. Baadhi wamecheka, baadhi wanapita jikoni kuniangalia kama mgonjwa.

Chupa hii ipo kwa kondakta. Nimemwambia akusubiri. Onja.

Baba yako

*

Ijumaa, 3 Mei, jioni

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeifungua hapa hapa kituoni, nimesimama, kondakta ananitazama. Sikuwa na kijiko. Nimemimina kwenye kifuniko, nimefumba macho, nimeonja. Nikaonja tena ili nisikukosee.

Haupiti, baba.

Kitunguu umekiweka sawa, kinamshinda mama wa gereji. Nyama imeiva, nyanya hazijaachwa mbichi. Lakini chumvi hakuna. Si kwamba imepungua, haimo kabisa, hata punje. Mpishi hasahau chumvi namna hiyo. Umeogopa kuitia. Nimekutia woga wa chumvi wewe uliyenifundisha mimi kuishika kwa vidole vitatu. Nimelia, kondakta shahidi, ila nilikuwa nimeshameza, kwa hiyo hukumu haikuingia chumvi ya machozi.

Safari hii basi lake halingoji Jumatatu, linageuza usiku huu huu, naye anakuletea barua hii. Mimi napanda basi la alfajiri; ruhusa ilikuwa mfukoni siku zote hizi. Ukiamua kutonifungulia, nitakaa mlangoni na dereva, tulalamike pamoja.

Washa jiko, kata kitunguu, weka nyama. Chumvi usitie mpaka nifike.

Mwanao, na ukiniruhusu, mwonjaji wako