Nusu ya Kulia

Jumapili, tarehe 9 Machi. Musoma. Asubuhi mvua kubwa yenye upepo kutoka ziwani, radi mbili za karibu, bati la jirani limeng'oka.

Mama,

Jana kaka Majura amenipiga. Ngumi moja ya mdomo, mbele ya watu, na jino la mbele limelegea. Naanza na hili kwa sababu ungeniona tu ungeuliza, na mimi ningesema nimeanguka. Sikuanguka. Nilisema ukweli nikapigwa, na nilichelewa kuusema.

Nitaandika kwa mpangilio, unavyonijua.

Alhamisi ile ya Januari ulishuka ziwani kufua. Mamba alikukamata paja la kushoto. Masatu, jirani yetu, alikuwa anaziba mtumbwi wake hapo karibu. Aliingia majini na kasia. Alimpiga mamba kichwani, akampiga tena, akamchoma jicho kwa ncha ya kasia mpaka akaachia. Wanawake watatu waliokuwepo wote wanasema hivyo, na wote wanasema hakuna mwingine aliyeingia. Alikuburuta hadi mchangani. Ulikuwa umezimia. Damu ilikuwa inaruka, Mama. Hawasemi ilitoka, wanasema iliruka.

Masatu akachukua simu aliyoiacha mtumbwini, akafungua kitabu chako. Kile cha huduma ya kwanza ulichokiandika baada ya kustaafu zahanati, na mimi nikakipanga ili watu wakisome kwenye simu. Akatafuta jeraha la mguu. Akaona picha. Akavua shati, akalikaza kama picha ilivyomwonyesha, kati ya jeraha na goti.

Chini ya jeraha. Wewe uliyefundisha wauguzi kufunga juu, upande wa nyonga, ulifungwa chini. Hukufika hospitali ya Musoma.

Siku ya maziko, udongo haujamalizika kushuka, Majura akamfuata Masatu.

"Wewe muuguzi wa wapi? Damu inatoka pajani unafunga goti?"

"Kaka, nilifanya kama kitabu cha mama yenu kilivyonionyesha."

"Mama yangu ndiye alikufundisha kumuua?"

Akamnyang'anya simu, akaiweka kwenye jiwe, akaiponda kwa jembe la kaburini. Kisha akageuza mpini. Masatu aliinua mkono kujikinga, nikausikia mfupa. Mtu nyuma yangu alipiga kelele, "Huyu ndiye mamba wa pili!" na watu wakacheka, Mama, kwenye kaburi lako wakacheka. Tangu siku ile hakuitwa tena Masatu. Mamba wa Pili. Hata wanaokwenda kanisani.

Mimi nilisimama na shada la maua mkononi. Nilikuwa naujua ule ukurasa. Nilijiambia Masatu hakusoma vizuri.

Unakumbuka tulivyouchora? Tulikaa mezani kwako Kiriba, umevaa miwani yenye mkono mmoja. Ulichora miguu miwili kwenye karatasi moja. Wa kushoto umefungwa vibaya, wa kulia umefungwa vizuri. Mimi nilitaka tuanze na ule mzuri. Ukakataa. "Anza na kosa. Mimi wanafunzi wangu nilikuwaga nawaonyesha kosa kwanza, wanacheka, halafu hawasahau." Nikaweka alama ya mkasi, ile X ya kosa, pembeni mwa mguu wa kushoto, karibu na katikati ya karatasi, na alama ya vema kwenye kona ya kulia. Maelezo nikayaandika chini. Kisha nikaipa picha upana wa pikseli mia tisa, kwa sababu kwenye tableti ya dukani kwetu ilijaa kioo vizuri sana.

Ukaniuliza, "Na kwenye simu za watu itakaaje?"

Nikasema, "Itajipunguza yenyewe, Mama."

Sikujaribu. Mimi ninayeandika mpaka saa ya kunywa dawa, sikujaribu hata simu moja.

Tarehe 12 Februari nilikwenda Butiama kwa mama mdogo kupeleka nguo zako. Simu yake ni ndogo, aina moja na ile ya Masatu. Nikaomba nione kitabu. Akanifungulia, akaenda kugeuza ugali.

Kulikuwa na mguu mmoja tu.

Wa kushoto. Ile programu ya kusomea haikuipunguza picha hata kidogo. Ilianza na kushoto, ikajaza kioo, na kilichobaki ikakikata. Mguu wa kulia haukuwepo. Alama ya mkasi haikuwepo. Maelezo yalikuwa yamesukumwa ukurasa wa pili: "Wa kushoto ni kosa." Ukiwa na mtu anakufa mbele yako hufungui ukurasa wa pili. Unaona mguu, unaona kitambaa, unafunga.

Mama mdogo akaniambia, "Mbona umeukodolea macho huo mguu, umeupenda?" Nikatoka nje na simu yake, nikaufungua ukurasa ule upya mara tatu.

Sasa naandika lile ambalo ni gumu kuliko jino. Nilinyamaza. Nilijiambia nitasema nikishakitengeneza. Nilikwenda Bunda, kwa yule niliyesoma naye kidato cha nne, anauza simu zilizotumika. Akanipa simu kumi na moja, nikakaa nyuma ya meza yake siku tatu. Kila simu nilifungua picha ileile, nikaandika inavyokaa. Nilipoweka pikseli, ndogo zilikata na kubwa zikaifanya picha kuwa kama stempu. Nilipoweka upana asilimia mia moja, simu nyingi zikatii, picha ikajinyoosha kulingana na kioo. Mbili hazikujali kabisa ukurasa wangu wa mitindo, yale maagizo ya jinsi kila kitu kikae, ikabidi niandike upana ndani ya picha yenyewe. Moja, picha ikiwa ndefu kuliko upana, iliikata chini. Kwa hiyo picha zote nimezifanya pana kuliko urefu. Na alama na maneno sasa yamechorwa ndani ya picha, hayawezi kubaki nyuma.

Mwisho nimetenganisha ile miguu. Halafu nikaufuta wa kushoto. Nimefuta makosa yote kitabu kizima, Mama, yote uliyochora. Ungenigombeza. Zimebaki picha zilizo sahihi tu, hata zikikatwa haziwezi kuua mtu.

Kazi nzuri. Na wakati naifanya, huko Kiriba walikuwa wanammaliza Masatu. Walipasua mtumbwi wake kwa shoka. Walikata mbuzi wake wawili miguu ya nyuma, wakawaacha hai mlangoni. Mkewe, Mama Rehema, alipigwa makofi akichota maji. Nilipigiwa simu kila mara, na kila mara niliandika tarehe kwenye diary yangu kwa mwandiko mzuri, kisha nikarudi kwenye asilimia.

Ijumaa Majura akaniandikia: "Kesho tunamtoa. Njoo uone."

Nilifika jana saa tisa. Vijana kama ishirini uani kwa Masatu, mapanga, dumu la petroli. Masatu amekaa kizingitini, mkono umefungwa na kanga ya mkewe, umepinda, hautanyooka tena. Mama Rehema amesimama mbele yake na mchi. Anawaambia, "Wa kwanza kuingia nampasua kichwa, wa pili ndio ataniua." Na kijana mmoja anamjibu, "Shemeji, weka mchi, tutakujengea nyumba nyingine." Wanacheka.

Nilikuwa na simu ya mama mdogo, niliyoiazima. Nikampa Majura. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Masatu alifuata kitabu. Kitabu nilikipanga mimi. Picha ilikatwa, ikabaki ile ya kosa. Mimi ndiye niliyemfunga Mama chini ya jeraha."

Akaitazama. Akaitazama sana. Nilidhani atalia. Ndipo akanipiga.

Nikiwa chini nikamsikia kijana mmoja, mwenye panga kwapani, ametoa simu yake. "Na kwangu hivyohivyo. Mguu mmoja." Mwingine akasema, "Wewe, kwangu iko miwili, tazama, una alama." "Lete." "Acha, usiniharibie." Wakaanza kuweka simu pamoja, wameinamisha vichwa, wanabishana ya nani inaonyesha na ya nani haionyeshi. Panga moja likaanguka, hakuna aliyeliokota. Kila mmoja akaiona nusu yake. Majura akalipiga dumu teke, petroli ikamwagika ardhini, akaondoka akielekea ziwani bila kumtazama mtu. Wale wengine wakamfuata mmojammoja.

Nilidhani imekwisha. Masatu akaniita.

"Nyafuru. Umejua lini?"

"Tarehe kumi na mbili Februari."

"Mtumbwi wangu walipasua lini?"

Nilikuwa nayo diary kwenye mkoba. Sikuwa na haja ya kuifungua. "Tarehe kumi na tisa."

"Mbuzi?"

"Ishirini na sita."

"Mke wangu?"

"Tarehe mbili mwezi huu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayehakikisha kitu. "Mimi niliingia kwa mamba kwa ajili ya mama yako. Wewe umeogopa kaka yako."

Nilipiga magoti. Nilitoa simu yangu nimwonyeshe kitabu kipya, picha ilivyokaa. Nilikuwa nafikiri nini? Mama Rehema akanielekezea mchi. "Toka nyumbani kwangu." Masatu hakumzuia. Nilipofika njiani, nimempa mgongo, ndipo aliposema, "Kile cha zamani kiko kwa watu wangapi?"

Nikasema sijui. Kinapita simu kwa simu.

"Basi mwingine ataumwa," akasema. "Leo au kesho."

Mama, nimekaa na neno hilo tangu jana. Sijafumba macho. Leo asubuhi mvua ikinyesha nimeandika maelezo ya mambo yote, yenye jina langu na tarehe zote, kesho napeleka ofisi ya kata na kituoni, na yale ya Majura pia yamo. Ataniita msaliti. Sawa.

Sikuombi unisamehe. Mwenye haki ya kunisamehe au kukataa amekaa Kiriba na mkono uliopinda, na nitamlipa mtumbwi hata kama hataki kuniona uso. Ninachokuahidi wewe ni hiki. Nitapita nyumba kwa nyumba, kuanzia mwaloni, pale ufukweni mamba alipokukamata, na kila simu nitaifungua mimi mwenyewe, nifute cha zamani, niweke kipya, niutazame ukurasa wa mguu kwa macho yangu kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Nitaandika simu moja moja. Sitamwambia mtu tena kwamba itajipunguza yenyewe.

Lala, Mama. Mguu wako usiume.

Mwanao,
Nyafuru

Mvua imerudi. Nimefunga dirisha. Saa nane na dakika kumi mchana, nalala.