Cheche Uliyonifundisha

Goma, Mabanga

Kaka Baharanyi,

Usishangae mwandiko, anayeandika ni muke wangu Christa. Mama anakusalimia. Sasa anauza makala ya kupikia, na bado anauliza kwa nini ulivuka mpaka wa Bunagana kwenda kambini bila kumuaga.

Nilienda kusomea kutengeneza gari za umeme. Mwalimu alituambia kila siku: bila glavu, hakuna mutu kugusa betri. Siku moja mabomu yalianza kulia upande wa Munigi, akatoka nje kupigia bibi yake simu, akaniacha mbele ya betri iliyofunguliwa. Nilitaka kujua kama ingali na nguvu. Nikafanya vile ulivyonizoeza kwenye gari za mazutu, zile za dizeli, katika garaji yako: gusanisha waya mbili, ukiona cheche, betri ni nzima.

Ilikuwa nzima.

Mukono wa kuume waliukata kwenye kiwiko. Breve yangu ya kumaliza masomo ilifika wiki iliyofuata, jina limeandikwa vizuri sana.

Christa anataka tuandike kwamba nimekusamehe. Hayo ni yake. Mimi nasema hivi: kama huko kambini kuna mutu anakuita fundi, usimufundishe ile cheche.

Mudogo wako,
Mushagalusa