Wageni Waliokuja Kukuombea

Mpendwa mdogo wangu Yustina,

Unakumbuka siku daktari alipotusomea majibu ya damu? Ulijitetea kabla hujaulizwa: "Dawa za ukimwi nameza kila siku, dada yangu shahidi!" Akasema ni kweli unameza, ila moja ya dawa hizo ndiyo inayokushushia seli nyeupe. Akakubadilishia, akakuandikia na sindano za kuzipandisha. Kisha akanigeukia mimi: "Mpaka zipande, huyu hana askari mwilini. Mwenye kikohozi asimsogelee. Homa ikianza, hata kidogo, mleteni saa hiyohiyo."

Niliitikia. Wewe ulishaanza kumtania kwamba umeolewa mara mbili na hukupata mwanaume wa kukulinda, sembuse askari.

Baada ya sindano kadhaa seli zilianza kupanda. Ukaomba ugali na dagaa wa Nyasa, ukamaliza sahani.

Alhamisi wanajumuiya wa kanisani wakaja kukuombea. Unaujua mtaa wetu wa Msamala: mgonjwa asipoonekana, husemwa kafichwa, na anayefichwa ugonjwa wake unajulikana. Mama Festo, jirani yetu, alikuwa anakohoa tangu barabarani. Ulininong'oneza, "Dada, waambie nimelala." Niliona aibu. Nikatoka nikasema, "Karibuni, yuko macho." Wote walikushika mkono, na Mama Festo akakaa kitandani kwako mpaka rozari ikaisha.

Jumamosi mwili wako ulichemka. Nilikupa panadol, nikasema tungoje kliniki yetu ifunguliwe Jumatatu, maana kwenye wodi ya dharura anafanya kazi binti wa jumuiya, angeona faili lako. Ulisema, "Dada, naumwa kweli." Nikakwambia vumilia. Jumatatu tulipofika daktari aliuliza homa imeanza lini, nikamwambia. Hakunigombeza. Afadhali angenitukana.

Najichukia, Yustina. Na wao nawachukia, ingawa hawakujua kitu. Msibani walinisifu: "Umeuguza vizuri, dada. Hukumficha mgonjwa." Mama Festo, kikohozi kimeshamwisha, alinishika mikono yote miwili. Nikajibu asanteni, na kila Alhamisi tukisali jumuiya bado nawaitikia hivyohivyo.

Basi leo barua hii nawapa wao waisome, nami nisemwe. Hakuna aliyejua ugonjwa wako mpaka tunakuzika. Siri yako niliitunza vizuri sana, mdogo wangu. Wewe sikukutunza.

Pumzika. Usiniombee.

Dada yako